Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya na wa fedha: mjamzito hashibi ushauri

Kwa:
Waheshimiwa Mawaziri wa Afya, popote mlipo,
Waheshimiwa Mawaziri wa Fedha,
Wakuu wa mashirika yanayofadhili huduma za mama na mtoto.

YAH: NJAA YA WAJAWAZITO, AKINA MAMA WANAONYONYESHA NA WATOTO WACHANGA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni muuguzi mkunga. Kazi yangu ni kuwapokea wajawazito kliniki, kuwazalisha, kisha kuwapokea tena wanaporudi na watoto wao kwa mizani na chanjo. Haya ninayoyaandika leo nimekwisha kuyaandika kwenye taarifa za mwezi, nimeyasema kwenye vikao, nimeyapeleka kwa barua kwa wakubwa wangu wa kazi, nao wakayapandisha ngazi. Jibu limekuwa lilelile: suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Wakati linafanyiwa kazi, matumbo yanakua na watoto wanazaliwa, maana mimba haingoji mwaka mpya wa fedha. Ndiyo maana safari hii naandika hadharani. Nawaandikia kwa pamoja, ninyi mnaotunga sera na ninyi mnaoshika funguo za hazina, kwa sababu nimechoka kusikia kila mmoja akimtaja mwenzake.

Mgala muue na haki yake mpe. Chanjo zinafika. Vidonge vya kuongeza damu vipo siku nyingi kuliko zile ambazo havipo. Wanawake wanaojifungulia mikononi mwa wataalamu ni wengi kuliko zamani, na hilo halikuja lenyewe, mlilipigania. Ila kuna jambo moja ambalo halina mwenyewe, nalo ni chakula cha mwanamke aliyebeba mimba au anayenyonyesha. Ukiuliza afya, unaambiwa chakula ni cha kilimo. Ukiuliza kilimo, unaelekezwa ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii wanamsubiri mtoto azaliwe, aandikishwe, apate cheti, ndipo jina lake liingie kwenye orodha. Hapo miezi tisa imeshakwenda.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna anayemuuliza kama amekula

Chukueni kadi ya kliniki muisome kwa utulivu. Ina nafasi ya uzito, urefu, presha, mkojo, wingi wa damu, kimo cha mimba, mapigo ya moyo wa mtoto na tarehe ya kurudi. Katika kadi zote nilizowahi kuzijaza sijaona nafasi ya kuandika kwamba mama huyu tangu jana mchana hajatia kitu mdomoni. Anapanda mizani, uzito ni uleule wa hudhurio lililopita, tunauandika kwa mwandiko mzuri, tunamwambia ajitahidi kula mlo kamili. Anajibu, "Sawa, sista." Anachukua kipeperushi chenye picha za makundi ya vyakula, anakikunja mara nne, anakitia ndani ya kadi, anaondoka. Sote wawili tunajua hicho kipeperushi kitafanya nini.

Njaa ina aibu. Mwanamke atakueleza habari za uke wake, atakueleza kipigo cha mumewe, lakini kukwambia kwamba nyumbani hakuna kitu itamchukua muda mrefu, na hatasema mbele ya foleni. Lazima aulizwe, aulizwe faraghani, na aulizwe na mtu anayeweza kufanya jambo baada ya kusikia jibu. Na maswali yapo tayari. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina dodoso lake la maswali manane: je, kwa kukosa fedha au namna nyingine, umewahi kuwa na wasiwasi wa kukosa chakula, umeruka mlo, umekula kidogo kuliko ulivyohitaji, umeshinda siku nzima bila kula? Dakika chache tu. Dodoso hilo mnalitumia kupata takwimu za mataifa. Matokeo yake tunaijua njaa ya nchi nzima, ila ya mwanamke aliyeketi mbele yetu hatuijui.

2. Ushauri umechukua nafasi ya chakula

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma kwa wajawazito, ule uliopandisha mahudhurio hadi yasiyopungua manane. Kuhusu jamii zenye utapiamlo, mwongozo huo unasema mambo mawili: wanawake waelimishwe juu ya kula zaidi, na wapewe chakula cha nyongeza chenye uwiano wa nishati na protini, kwa sababu kinapunguza watoto wanaozaliwa wafu na wanaozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba. Mengi ya mataifa yetu yalichukua jambo la kwanza na kuliacha la pili. Ninaelewa kwa nini. Maneno hayapiti kwenye zabuni.

Hata vidonge vya chuma na foliki asidi, ambavyo mnajivunia, vinakwama kwenye tumbo tupu. Kidonge cha chuma kikimezwa bila chakula humsumbua mtu vibaya: kichefuchefu, tumbo kukata, wengine hutapika. Mjamzito mwenye njaa anakijaribu kwa siku kadhaa, kisha anakiweka kando. Mwezi unaofuata tunamkuta damu haijapanda, na taarifa yetu inaandika kwamba mteja hafuati maelekezo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 37 ya wajawazito duniani wana upungufu wa damu. Siamini kwamba wote hao ni wakaidi.

Tangu mwaka 2021 vidonge vyenye vitamini na madini 15 vimeingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Navipenda, na pale ambapo bado havijafika ningeomba vifike. Lakini kidonge hakina kalori. Mtoto aliye tumboni hujengwa kwa chakula, na mwaka 2020 watoto wapatao milioni 19.8, karibu mmoja kati ya kila saba, walizaliwa na uzito usiofika gramu 2,500. Wako waliozaliwa kabla ya siku zao kwa sababu nyingine kabisa. Wengi wengine walikosa tu cha kujijenga nacho.

3. Msaada unafika madhara yakiwa yameshaingia

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, mtanivumilia nikilirefusha.

Mipango mingi ya lishe inamwona mtoto akishatimiza miezi sita, na inamhudumia akishakonda. Tunamzungushia utepe kwenye mkono wa kushoto; ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, anaingia kwenye matibabu na kupewa vifuko vya chakula cha tiba. Vifuko hivyo vinafanya kazi, nimeona watoto wakirudi kutoka mbali. Sasa mtazameni aliyempakata. Mkono wa mama ni mwembamba kwa kiwango cha kutisha, ananyonyesha, na pengine ana mimba nyingine. Utepe wa watu wazima tunao, tunampima, tunaandika namba. Baada ya kuandika hatuna cha kumpa. Anabeba vifuko vya mwanawe kwenda kwenye nyumba yenye watoto wengine watatu, halafu tunamsomea hotuba kwamba asivigawe.

Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba watoto milioni 51 walio chini ya miaka miwili wamedumaa, na karibu nusu yao walidumaa wakiwa tumboni au ndani ya miezi sita ya kwanza ya maisha, yaani katika kipindi ambacho chakula chao chote hupitia kwa mama. Ripoti hiyohiyo inasema katika nchi 12 zilizoathirika zaidi, wajawazito na wanaonyonyesha wenye utapiamlo mkali walitoka milioni 5.5 mwaka 2020 wakafika milioni 6.9. Kwa hiyo mpango unaoanza mtoto akiwa na miezi sita umechelewa kwa nusu ya wagonjwa wake, na umechelewa kwa makusudi, kwa sababu ndivyo ulivyochorwa.

Wala si elimu mpya. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kufika magharibi ya Uholanzi, mgawo wa mtu mzima ukaanguka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Uholanzi ilikuwa na kumbukumbu nzuri za hospitali, kwa hiyo watoto waliobebwa tumboni wakati ule walifuatiliwa hadi uzeeni. Waliokutwa na njaa mwishoni mwa mimba walizaliwa wadogo. Waliokutwa nayo mwanzoni, mama zao wakapata chakula kabla ya kujifungua, walizaliwa na uzito wa kawaida, mizani haikuona kitu. Ila ukubwani ugonjwa wa moyo uliwapata zaidi ya wenzao. Kila nikimpima mtoto mchanga na kuandika "uzito mzuri", hao huwa nawakumbuka.

4. Kunyonyesha kumefanywa kazi isiyohitaji chakula

Tunawaambia wanyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na waendelee hadi miaka miwili au zaidi. Nasimama na kila neno la ushauri huo. Kinachoniudhi ni namna unavyotumika kukwepa gharama: kwa kuwa maziwa ya mama ni bure, basi mama naye hahitaji kitu.

Najua hoja ya kitaalamu itakayoletwa, kwamba hata mama mwenye lishe duni hutoa maziwa ya kutosha. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Mwili humtanguliza mtoto, na wingi wa maziwa hauporomoki kirahisi mpaka mama awe amedhoofika sana. Lakini yanatoka wapi? Yanatoka kwenye akiba ya mwili wake. Anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, na asipozipata anajila mwenyewe. Tena vitamini A, vitamini za kundi B na madini joto hupungua kwenye maziwa yenyewe kadiri mama anavyozikosa. Anayesema kwamba mama mwenye njaa anaweza kunyonyesha amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki analipa mwanamke.

Kuna na hili la usiku. Mama amelala na njaa, mtoto analia, yeye mwenyewe anatetemeka. Anahitimisha kwamba maziwa hayatoshi. Akipata fedha kidogo ananunua maziwa ya kopo, na kwa kuwa kopo la pili hana uhakika nalo, la kwanza analirefusha kwa maji: vijiko viwili badala ya vinne. Mtoto anapata maji mengi na lishe haba, na maji yakiwa machafu anaharisha. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inayodhibiti uuzaji wa maziwa mbadala iliwekwa kuwazuia wafanyabiashara wasimlaghai mama huyu, na ni kanuni nzuri. Lakini yeye hakulaghaiwa na tangazo. Alikuwa na njaa.

Kisha kazi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Miezi sita ni wiki 26. Wiki 12 zinazobaki, mnategemea anyonyesheje? Na huyo ndiye mwenye ajira ya kuandikishwa. Kibarua na mchuuzi hana wiki hata moja, asipotoka leo, leo hapati chakula.

5. Mtoto akiingia mwezi wa saba

Hapa sitakaa sana. Mtoto anapoanza vyakula vya nyongeza tunamtaka apate angalau makundi matano kati ya manane kila siku, maziwa ya mama yakiwa mojawapo. Nyumba ambayo mama hakula vizuri wakati wa mimba haitapata ghafla makundi matano mtoto akifikisha miezi sita. Ni njaa ileile imehamia mdomo mwingine.

Sasa najua mtakayojibu.

Mtasema fedha hazipo. Mbona za kumtunza njiti wiki kadhaa kwenye chumba cha joto mnazitafuta mpaka mnazipata, na za vifuko vya chakula cha tiba pia? Na kama mnataka hesabu ya faida, ipo. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1977, katika vijiji vinne vya Guatemala, vijiji viwili vilipewa uji wenye nishati na protini, viwili vikapewa kinywaji kisicho na protini. Wajawazito na watoto wadogo walikunywa. Waliokunywa uji ule katika miaka miwili ya kwanza ya maisha walitafutwa wakiwa watu wazima, na wanaume miongoni mwao walikuwa wakilipwa kwa saa asilimia 46 zaidi. Kwa wanawake tofauti ya mshahara haikuonekana, nami nawaambia hivyo kwa sababu sitaki kuwauzia mbuzi ndani ya gunia. Walioupata uji huo baada ya umri wa miaka mitatu hawakuvuna faida hiyo. Waheshimiwa wa fedha, muda wa kuwekeza una mwisho, na unaisha kabla mtoto hajaanza shule.

Mtasema wataugawa msaada huo na familia. Wataugawa, ndiyo. Ni mama gani atakula peke yake watoto wakimtazama? Basi pangeni mgawo mkijua nyumba ina watu wangapi, badala ya kupanga kidogo halafu kumlaumu aliyegawa.

Mtasema mnaogopa utegemezi. Kuanzia mimba kutunga hadi mtoto kutimiza miaka miwili ni siku kama 1,000. Sijui msaada mwingine wowote wa serikali ambao tarehe yake ya kwisha inajulikana vizuri kiasi hicho. Marekani, pamoja na utajiri wake, ina mpango wa chakula unaoitwa WIC. Ulianza kwa majaribio mwaka 1972, ukawa wa kudumu mwaka 1975, na mwanamke wa kipato cha chini anaingia akiwa bado na mimba. Wao hawangoji cheti cha kuzaliwa.

Mtasema kumlisha mke ni kazi ya mume. Pale alipo na kazi anayo, sawa. Wengi ninaowaona wanakula kwenye sufuria ileile tupu.

Wala hili si jambo la hisani, maana saini mlishatia. Mkataba wa mwaka 1979 wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, kifungu cha 12, unaidai serikali iwahakikishie wanawake lishe ya kutosha wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha. Mwaka 2012 mkutano wa afya wa dunia uliweka malengo: hadi 2025, uzito pungufu wa kuzaliwa upungue kwa asilimia 30 na upungufu wa damu kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa upungue kwa nusu. Uzito pungufu ulikuwa asilimia 16.6 ya vizazi mwaka 2000. Mwaka 2020 ulikuwa asilimia 14.7. Miaka 20 kwa mwendo huo! Mwaka 2025 ulipofika, tarehe ikasogezwa hadi 2030. Katikati hapo mmekutana London mwaka 2013, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2025 kuahidi fedha za lishe. Ahadi ni deni, nanyi mna wadai walio tumboni.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, kila kadi ya kliniki iwe na swali la chakula kuanzia hudhurio la kwanza, na kila kituo kiwe na cha kufanya jibu likiwa baya. Swali peke yake msituletee. Tuna makaratasi ya kutosha.

Pili, chakula au fedha ya chakula ianze mimba inapothibitishwa na iendelee hadi mtoto atimize miaka miwili. Kadi ya kliniki itoshe kuwa kitambulisho. Mwanamke asiambiwe alete cheti cha mtu ambaye hajazaliwa.

Tatu, mtoto anapoingia kwenye matibabu ya utapiamlo, mama yake apimwe na alishwe siku hiyohiyo, chini ya paa hilohilo.

Nne, wekeni fungu la bajeti lenye jina lake, na mtangaze kila robo mwaka ni kiasi gani kimetoka hazina kikafika vituoni. Kilichotengwa kwenye vitabu tunakisikia kila mwaka.

Tano, likizo ya uzazi yenye malipo ifike miezi sita, na uwepo mfuko wa umma kwa ajili ya wanawake wasio na mwajiri. Najua hili la mwisho lina vita yake na litachukua muda. Manne ya mwanzo hayana sababu ya kuchukua muda.

Naomba jibu la maandishi, lenye jina la ofisi itakayobeba jambo hili na tarehe ya kuanza. Liwe kwa lugha nyepesi, ukurasa mmoja unatosha, kwa kuwa nakusudia kulibandika ukutani mkabala na benchi la kusubiria, walisome wenyewe.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mkunga,
Kliniki ya mama na mtoto.